Kidonda cha kulalia huanzia ndani

Familia nyingi zinazouguza mgonjwa nyumbani, awe amepooza kwa kiharusi, amevunjika nyonga au amedhoofika kwa uzee, hugundua kidonda cha kulalia siku ngozi inapochanika. Lawama huangukia shuka chafu au godoro kuukuu. Lakini kufikia siku hiyo, kidonda mara nyingi huwa kimeshaanza zamani.

Kinachokileta hasa ni uzito wa mwili wenyewe. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini mara nyingi bila kujua. Asiyeweza kujigeuza, au asiyehisi maumivu, hulalia upande mmoja tu. Nyama iliyo kati ya mfupa na godoro hubanwa, mishipa midogo ya damu hufungika, na saa chache tu zinatosha kuidhuru. Kwa kuwa madhara yanaweza kuanzia karibu na mfupa, tundu dogo juu ya ngozi huweza kuficha shimo kubwa chini yake. Kifandugu, nyonga na visigino ndizo sehemu zinazoathirika zaidi. Mkojo unaoachwa mwilini, mlo duni na kumburuta mgonjwa kitandani badala ya kumwinua huharakisha mambo.

Dalili ya mapema ni wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, hivyo mwuguzaji apapase pia: je, pana joto, pagumu, au pametepeta kuliko pembeni?

Mgonjwa wa kitandani ageuzwe takriban kila saa 2, usiku na mchana. Kazi hii inachosha, na si haki kumwachia binti mmoja wa nyumba. Zamu za usiku zigawanywe, wanaume wakiwemo. Mto uwekwe chini ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Anayetumia kiti cha magurudumu abadilishe mkao kila dakika 15 hadi 30. Mayai, maharagwe, omena na maziwa husaidia ngozi kujijenga.

Kusugua kwa spiriti au mafuta mahali palipobadilika rangi, jambo linalofanywa kwa nia njema, huumiza zaidi nyama iliyokwisha kudhoofika. Pete ya mpira ya kukalia nayo hukaba damu pembeni.

Rangi ikibadilika, mwarifu mhudumu wa afya ya jamii au fika zahanati iliyo karibu. Kidonda kikitoa usaha au harufu, kikiwa cheusi, au mgonjwa akishikwa na homa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.