Kamba ya Kuku na Fimbo ya Punda

Wakati wa mavuno waamini huja kanisani na matoleo yao: mtama, uwele, alizeti, na kuku. Kuku hao mara nyingi hufungwa miguu na kuletwa mbele ya altare vichwa vikining'inia chini. Sisi mapadre tumewapokea hivyo, tukashukuru, wala hatukusema neno. Kwa hiyo somo la juma hili laanza na sisi wenyewe.

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417, yakiri kuwa ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi. Lakini namba 2418 yaongeza kwamba kuwatesa au kuwaua pasipo lazima ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Angalieni vema: hadhi inayotajwa hapo ni yetu sisi. Torati nayo iliagiza kwamba hata punda wa adui, akianguka chini ya mzigo, asipitwe bali asaidiwe. Na katika nchi yetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili kwa wanyama.

Hapa wako watakaotujibu: "Padre, mimi ni maskini. Punda wangu asipobeba maji, watoto watalala na kiu. Tena, ikiwa kuku nitamchinja, kamba ya miguuni yanihusu nini?" Maswali haya si ya mzaha. Katika mkoa wetu wa Singida, toka Iramba hata Manyoni, punda ni msaada mkubwa wa akina mama. Hatumwambii mama amwache punda zizini, wala hatumkatazi mtu kitoweo chake. Twasema tu kwamba asiyeweza yote asiache yote. Mtego huo twaujua hata katika maungamo: mtu aona dhambi zake kumi, na kwa kuwa hawezi kuzishinda zote leo, haachi hata moja.

Basi na tuanze na madogo. Kuku akining'inizwa kichwa chini, matumbo yake hulemea mapafu, na kupumua humwia vigumu. Mchukue kwapani, au mtie katika tenga lenye nafasi. Naye mfanyabiashara anayewapeleka Dar es Salaam, safari ya kilomita 700 hivi, apunguze kuku wawili watatu katika kila tenga. Punda huvuta kwa kifua. Nira ya ng'ombe humchubua shingo. Mfunge mkanda mpana kifuani, na umtandikie gunia lililokunjwa chini ya madumu. Mwenye kidonda apumzishwe. Na ikiwa hapana punda mwingine, apunguziwe walau dumu moja. Tena mzazi aiangalie fimbo iliyo mkononi mwa mtoto, kwa maana azoeaye kumpiga asiyeweza kusema, kesho hatamhurumia ndugu yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Atakayeleta kuku kwa Bwana Jumapili ijayo, na amlete mikononi au ndani ya tenga. Na akija amefungwa, hatutamfukuza mtoaji. Tutampokea kuku kwa mikono miwili, na kabla ya yote tutamfungua miguu.