Kabla ya Kutuma Karo Marekani, Omba Kuona Masomo

Una mtoto katika chuo cha jamii kule California, anayepanga kuhamia chuo kikuu asomee uhandisi? Kabla hujatuma karo, mwambie akuonyeshe masomo ya mihula yote mpaka atakapohama, si ya muhula huu pekee.

Anza na hesabu. Kalkulasi 1, 2 na 3 hufuatana, hairukwi hata moja, na fizikia ya uhandisi hutegemea Kalkulasi 1. Akianzia chini ya hapo, au akirudia moja, kuhama kunasogezwa mbele. Karo, chakula na kodi ya nyumba zinakungoja wewe. Hela nyingi hupotelea hapo kuliko kwenye ada ya kutuma (na hiyo pia tunajua mnailalamikia).

Tena, si kila kozi inahesabiwa. ASSIST.org ni ya bure. Inaonyesha kozi za kila chuo zinazotambuliwa na University of California na California State University, kwa shahada gani. Mwenye viza ya F-1 kwa kawaida huhitaji angalau yuniti 12 kwa muhula, kwa hivyo wengine hujazia kozi rahisi rahisi tu. Heri ajazie kemia, kama shahada yake inaidai.