PESA YA SHULE WAKATI WA SHIDA: TUPANGE NAMNA GANI?

(Somo la kusomwa kwa sauti na kujadiliwa kikundini)



Wengi wenu ni wazazi. Wengine mmechaguliwa katika bodi ya shule, ile ambayo bado tunaiita kamati. Leo tuongee juu ya pesa ya shule ya msingi wakati maisha yamekuwa magumu.

Kisa

Niliwahi kuwa mwanakamati katika shule moja karibu na ziwa. Mwaka huo omena ilikuwa adimu na mahindi yalikauka. Pesa ya serikali ya muhula wa kwanza ilipofika, tulisema, "Tuanze darasa, hiyo nyingine itakuja." Mimi pia niliinua mkono.

Muhula wa pili pesa ilichelewa. Chaki zikaisha. Mpishi wa uji akakaa miezi miwili bila kulipwa, akaenda zake. Uji ukiisha, watoto nao huisha. Wavulana wakaenda ufuoni kuvuta nyavu. Wengine walirudi, wengine hawakurudi mpaka leo. Na zile kuta bila paa, mbuzi walizifanya zizi.

Hakuna aliyeiba hata senti. Kosa letu ni kwamba tulitumia pesa iliyopangiwa kazi nyingine, tukitegemea pesa ambayo haijafika.

Pesa yatoka wapi?

Wazee wanakumbuka 1988, serikali ilipoleta mpango wa kugawana gharama na wazazi. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, 370 za matumizi mengine. Baadaye ikapanda kuwa 1,420. Lakini bei za sokoni zimepanda kuliko hapo. Na Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bw. John Mbadi, aliwaambia wabunge kuwa serikali haiwezi kulipa shilingi 22,244 zote za kila mwanafunzi wa sekondari. Basi tusingojee muujiza.

Tufanye nini?

1. Tupige hesabu ya mwaka mzima. Tuseme shule ina watoto 400. 400 mara 1,420 ni 568,000. Pesa ikija nusu muhula wa kwanza, 30 kwa mia wa pili na 20 kwa mia wa tatu, tutapata 284,000, kisha 170,400, kisha 113,600. Lakini mlinzi halipwi kwa nusu-nusu, hulipwa kila mwezi sawasawa. Tukigawa kwa tatu, kila muhula ni kama 189,000. Kwa hiyo ile 95,000 inayozidi muhula wa kwanza si faida. Ni ya watoto wa muhula wa pili na wa tatu. Ikae benki.

2. Tuandike safu tatu. LAZIMA: chaki, mitihani, maji, choo, mlinzi. YANGOJE: rangi, viti vya ofisi. TUACHE: karamu na safari. Pesa ikichelewa, tunakata kutoka safu ya mwisho kwenda juu. Na kila pesa ifanye kazi iliyotumwa na Wizara. Kuihamisha kunataka ruhusa.

3. Tusaidiane kwa tulicho nacho. Mzazi wa miwa au tumbaku hana pesa mpaka alipwe, lakini wakati wa kuvuna ana debe la mahindi. Kikundi kinaweza kuweka mahindi ya uji mapema, bei ikiwa chini. Lakini mchango usiwe fimbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kufukuzwa kwa sababu mzazi hakulipa. Ukimfukuza leo, kesho utamkuta kwenye machimbo ya dhahabu kule Nyatike.

4. Tusome hesabu mbele ya watu. Kila muhula mweka hazina aandike ubaoni: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi. Asome kwa Dholuo, Kikuria au Kiswahili, lugha ambayo nyanya mwenye wajukuu ataielewa. Mama akiona pesa ya uji ilinunua uji, hata debe lake atalileta bila kusukumwa.

Ndugu zangu, wakati wa neema kosa dogo hujificha. Wakati wa shida kosa hilo hilo humtoa mtoto darasani. Kuuliza hesabu si kumshuku mwalimu mkuu. Ni kumsaidia kubeba mzigo.

Maswali ya kujadili

1. Shule yetu ilipata pesa ngapi muhula uliopita? Nani kati yetu anajua?
2. Pesa ikichelewa miezi miwili, ni kitu gani kitakwama kwanza?
3. Kikundi chetu kinaweza kuweka nini kabla ya muhula ujao, na nani atakitunza?

Kabla ya kufunga mkutano, chagueni wawili waende kumwomba mwalimu mkuu siku ya kusoma hesabu.