Usimwombee Tu, Shika Nyundo

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko: Nehemia 3:1–12, Waebrania 11:8–10, 1 Yohana 3:16–18

Somo la leo linaanza na maungamo yangu mwenyewe, kwa hivyo mnivumilie.

Mwaka juzi katika ushirika wetu kulikuwa na mama mjane ambaye nyumba yake ilikuwa inavuja. Mabati yameoza, na ukuta wa matope upande wa jikoni umeanza kuinama. Alipoeleza shida yake, mimi ndiye niliyesimama kama mzee wa kanisa nikasema, "Mama, tutaomba, halafu tutaangalia." Kuomba tuliomba. Kuangalia hatukuangalia.

Miezi michache baadaye nikasafiri kwenda Marekani, jimbo la Georgia, kumtembelea binti yangu. Kanisani kwake kuna mzee mmoja na mkewe, wote wamestaafu, ambao makao yao ni gari. Gari lenyewe ni kubwa kama basi, na ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Nilidhani ni la kutalii tu. Kumbe wanazunguka nalo wakiwajengea nyumba watu wasio na uwezo! Wakanialika niende nao wiki mbili.

Kazi hiyo ni ya shirika la Habitat for Humanity, na mpango wenyewe unaitwa RV Care-A-Vanners. Ulianza mwaka wa 1988. Wenye magari ya namna hiyo hukutana mahali panapojengwa, wanaegesha pamoja, wanafanya kazi kama wiki mbili, kisha wanaondoka. Hawalipwi chochote. Si lazima uwe fundi. Usiyejua unafundishwa papo hapo.

Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka wa 1976, mjini Americus, Georgia, na Millard Fuller na mkewe Linda. Fuller alikuwa wakili na mfanyabiashara, milionea kabla ya kufika miaka 30, lakini ndoa yake ilikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya kukimbiza pesa. Wakaamua kuacha utajiri ule na kumtumikia Mungu. Mwaka wa 1973 walienda Zaire, sasa Kongo, wakajenga nyumba huko Mbandaka kwa miaka mitatu kabla ya kuanzisha shirika. Kenya lilifika mwaka wa 1982. Nyumba haitolewi bure: mwenyewe anafanya kazi ya ujenzi kwa mikono yake, halafu analipa mkopo nafuu pole pole.

Siku ya kwanza nilisimama mikono nyuma, kama mgeni wa heshima. Yule mzee hakuniuliza cheo changu. Alinipa nyundo na mfuko wa misumari, akanionyesha pa kupiga. Huko kuta ni za mbao. Zinaunganishwa zikiwa zimelala chini, halafu watu wanaziinua kwa pamoja. Tulipoinua ukuta wa kwanza, kando yangu alikuwa mama mwenye nyumba, jasho likimtoka. Wakati wa kupumzika akaniuliza kama kanisa letu huku nyumbani nalo hujengea watu.

Nilinyamaza. Nilimwona yule mjane wetu na sufuria zake za kukinga maji ya mvua. Nimevuka bahari kumpigia misumari nisiyemjua, na jirani yangu nilimwachia maombi matupu! Usiku ule, ndani ya lile gari, sikulala vizuri.

Tujifunze mambo matatu.

1. Anayejua ni msafiri hashikilii vitu. Ibrahimu aliishi kwenye mahema kwa sababu alikuwa akiutazamia mji ambao Mungu mwenyewe ndiye mjenzi wake. Wale wazee wawili waliuza nyumba yao kubwa, wakabaki na hema la magurudumu, na sasa wana nafasi ya kufikiria nyumba ya mwingine. Wengi wetu tunasema dunia si kwetu, lakini ploti ya pili na ya tatu ndizo zinatunyima usingizi.

2. Kila mtu ana sehemu yake ya ukuta. Katika Nehemia 3 walijenga makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, hata Shalumu na binti zake. Mafundi wa ujenzi hawakuwa wote. Lakini mstari wa 5 unasema wakuu wa Watekoa walikataa kuinama kufanya kazi. Mpendwa, pale ndipo nilipojiona mimi, na tai yangu.

3. Msaada mzuri haumvunjii mtu heshima. Katika Mambo ya Walawi 19:9–10 mwenye shamba anaacha mavuno pembeni, na maskini anakuja kuokota mwenyewe. Usimfanye ndugu yako mtazamaji kwenye nyumba yake. Mpe nafasi naye ashike kazi.

Niliporudi nilienda kwa yule mama kabla hata ya kufungua mizigo. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeanguka usiku wa mvua. Neema ya Mungu tu, watoto walikuwa wamelala upande wa pili. Nikamwomba msamaha. Alinisamehe, lakini akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mzee, nilikuwa nawasubiri."

Tulienda watu wanane, Jumamosi tatu. Vijana walikanyaga udongo, mama mwenyewe na watoto wake wakachota maji, fundi mmoja wa ushirika akaezeka mabati mapya. Sisemi haya nijisifu. Ningeweza kuyafanya mwaka mzima kabla, na bila kupanda ndege.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni nani katika kikundi chetu tuliyemwambia "tutaangalia"?
2. Ni nini kinatuzuia: pesa, muda, au cheo?
3. Jumamosi ijayo tutashika kazi gani, na nani ataleta nini?

OMBI: Bwana, tusamehe kwa maombi tuliyoyatumia kama maficho. Tupe mikono inayofuata midomo yetu. Katika jina la Yesu, amina.