KUJISALIMISHA AU KUENDELEA KUPIGANA?

Maandiko: Luka 14:31-32, 2 Wafalme 18 na 19, Yeremia 38:14-28

Jumapili iliyopita tulihubiriwa kuhusu kutokata tamaa, na kanisa lilibarikiwa. Lakini baada ya ibada watu kadhaa waliniuliza swali moja: "Pastor, kwani ni lazima nipigane mpaka mwisho, hata kwa jambo ambalo linanimaliza?" Hilo ni swali la maana sana. Biblia inajua vita vya kushikilia na vita vya kuacha. Wacha tuangalie mambo matatu.

1. MFALME ANAKETI KWANZA

Katika Luka 14 Yesu anataja mfalme mwenye watu elfu kumi, anayekwenda kukutana na mwingine mwenye elfu ishirini. Huyo mfalme anaketi kwanza, anapiga hesabu. Akiona haiwezekani, anatuma wajumbe kutafuta amani mwenzake akiwa bado mbali. Ni kweli Yesu alikuwa anafundisha gharama ya kumfuata. Lakini hakumwita mfalme huyo mwoga. Alimtumia kama mfano wa mtu mwenye akili.

Mwaka 1896 ulileta mambo mawili hapa kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 1 Machi, Mfalme Menelik wa Ethiopia alipigana na Waitalia kule Adwa. Alikuwa amekusanya watu kutoka kila pembe ya nchi, jeshi kubwa mara kadhaa kuliko la adui, lenye bunduki na mizinga. Akashinda. Halafu mwezi wa Agosti, Sultani Hamad wa Zanzibar alipofariki, Khalid bin Barghash akakalia kiti bila kibali cha Waingereza. Walimpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashuke. Meli za kivita zilikuwa mbele ya jumba lake, anaziona kwa macho. Hakushuka. Vita vilichukua chini ya saa moja. Watu wake kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, na yeye mwenyewe akakimbilia ubalozi wa Wajerumani.

Wote wawili walikataa kusalimu amri. Mmoja alikuwa amepiga hesabu.

2. NI NANI ANABEBA MZIGO?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hili linatuhusu sisi wa Eastlands. Wengi wetu tunapita Kariokor kila siku, tunanunua viondo pale sokoni, tunakula nyama choma. Jina hilo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walichukua wanaume kutoka Ukambani, Nyanza, Mlima Kenya na Pwani, wengi kwa lazima, wabebe chakula na risasi za jeshi hadi Tanganyika. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake vivyo hivyo.

Upande wa pili alikuwa jemadari Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Yeye alijua hawezi kuwashinda Waingereza. Lengo lake lilikuwa kuwachosha na kuwashika huku ili wasiende kupigana Ulaya. Kwa hiyo hakusalimu amri. Alipobanwa Tanganyika, Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji. Mwaka 1918 akarudi, kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alisifiwa sana kwao kama shujaa asiyeshindwa.

Lakini uliza: ni nani alilipa? Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka na ng'ombe wa wanavijiji. Kule Ugogo ikaja njaa ambayo wazee waliita Mtunya. Mtu mmoja alikataa kuweka silaha chini, na mzigo ukawa juu ya kichwa cha mwingine.

Sasa tuje nyumbani kwako. Kuna baba ana duka ambalo limekuwa likipoteza pesa kwa miaka miwili. Analipa stoki kwa mkopo wa simu, halafu analipa huo mkopo kwa mkopo mwingine. Ukimwambia afunge anasema, "Mimi si mtu wa kushindwa." Sawa, lakini ni nani ametumwa nyumbani kwa sababu ya fees? Ni nani anaamka saa kumi kuosha nguo za watu ili mkopo ulipwe? Hao ndio wapagazi wa vita vyako. Nilisomea biashara, na jambo moja tulilofundishwa ni hili: pesa iliyokwenda imekwenda. Usiendelee kuweka pesa ya kesho kwa sababu tu ya uchungu wa pesa ya jana. Kufunga duka kwa mpango, ukazungumza na unaowadai na wanaokudai, hiyo ni kutuma wajumbe adui akiwa bado mbali.

3. BWANA AMESEMA NINI?

Lakini hesabu pekee haitoshi. Angalia mji mmoja, Yerusalemu, na wafalme wawili.

Hezekia alizingirwa na Waashuri. Kwanza alijaribu kununua amani. Alilipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, lakini bado walikuja. Si kila kujisalimisha kunaleta amani! Jemadari wao alisimama karibu na ukuta, akaongea kwa lugha ya Wayahudi makusudi ili raia wasikie na wavunjike moyo. Watu walinyamaza. Hezekia akachukua barua ya vitisho, akaikunjua mbele za Bwana. Neno likaja kupitia Isaya kwamba adui hataingia mji huu. Na hakuingia.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Sedekia alizingirwa na Wababeli. Yeye naye alikuwa na nabii. Yeremia alimwambia wazi kwamba akitoka na kujisalimisha, ataishi yeye na nyumba yake, na mji hautachomwa. Sedekia alikataa. Soma sababu yake katika mstari wa 19: aliogopa Wayahudi waliokuwa wametangulia kwa adui, wasije wakamdhihaki. Basi! Aliogopa kuchekwa. Mji ukachomwa, wanawe wakauawa mbele ya macho yake, kisha akapofushwa.

Mpendwa, wale wawili wote walikataa kusalimu amri. Hezekia alisimama juu ya neno la Mungu, lakini Sedekia alishikilia kwa sababu ya aibu. Ukisema "nasimama kwa imani," jiulize: ni imani, au naogopa majirani watasema nini?

Kesi ya shamba ambayo imekula ndugu miaka kumi, ukienda kukaa na ndugu yako, huo si ushindi wa shetani. Lakini mtoto wako aliyepotelea kwenye bangi, usimsalimishe. Pombe iliyokufunga, usikubaliane nayo. Utakatifu wako hauna bei ya kushushwa. Na dada unayepigwa nyumbani: kuondoka ili uwe hai si kushindwa. Njoo tuzungumze.

AMANI IMESHATIWA SAHIHI

Vita vya Ulaya viliisha tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck hakuwa na habari. Siku hizo watu wake walikuwa wanaingia Kasama, bado wako vitani. Ujumbe ulimfikia karibu na mto Chambeshi, na akaweka silaha chini Abercorn tarehe 25. Kwa siku kadhaa wapagazi walibeba mizigo ya vita ambavyo vilikuwa vimekwisha.

Kuna mtu anasoma hapa, bado anapigana na Mungu. Msalabani amani ilishapatikana. Habari ndiyo hii imekufikia. Weka silaha chini leo.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Ni vita gani unapigana sasa, na ni nani anabeba mzigo wake?
2. Unashikilia kwa neno la Mungu au kwa kuogopa aibu?
3. Ni mjumbe gani wa amani unaweza kumtuma wiki hii?

Ombi: Bwana, nipe moyo wa Hezekia pale uliposema nisimame, na masikio ambayo Sedekia alikosa pale uliposema niachilie. Katika jina la Yesu. Amina.