Nani Atapika Chai Jumapili Ijayo?
Somo: Kutoka 18:13-27

Juzi baada ya ibada ya pili nilimuuliza mama mmoja wa jikoni ameonaje neno la siku hiyo. Akacheka. "Pasta, tangu Januari sijasikia mahubiri. Mimi husikia tu amina zenu kupitia dirishani."

Nikanyamaza. Ratiba ya jikoni ni mimi huandika.

Musa aliketi kuamua kesi tangu asubuhi hadi jioni. Yethro, baba mkwe wake, hakumsifu kwa bidii hiyo. Alimwonya kwamba atachoka, yeye na watu pia. Hapo kwa "watu pia" huwa tunaruka, na kumbe wale waliosimama foleni kutwa nzima waliumia kama yeye. Wakawekwa wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. (Nilisomea biashara, na chuoni tulifundishwa haya kama jambo jipya!) Mkuu wa kumi hakuhitaji kipawa cha Musa. Alihitaji kumcha Mungu, kuwa mwaminifu na kuchukia rushwa. Kesi ngumu ndizo zilipanda kwa Musa.

Sura mbili mbele, amri ya Sabato inamtaja hata mjakazi, mgeni na mnyama. Sasa mimi nimepumzika aje, na mtu anaosha vikombe 200 peke yake?

Karatasi iko mlangoni. Ushirika wa Lanet, Kaptembwo, Free Area na Bahati, kila mmoja Jumapili yake. Wanaume pia, msijifiche kwa mitambo. Jina la mama huyo nimelifuta mpaka Desemba.