Mbwa Nyumbani kwa Mwislamu

Wenzangu hunicheka wakisema, "Wewe Mwislamu, imekuwaje mnafuga mbwa?" Basi nisikilizeni.

Sisi twakaa Nyamirambo, mjini Kigali, nasi twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. (Sabuni, alisema mwalimu wetu wa madrasa, haishiki mahali pa udongo.) Lakini akikugusa naye mkavu nawe mkavu, huna la kuosha. Wafuasi wa Imamu Malik hata mate hawayahesabu kuwa najisi. Kumfuga kwa mchezo tu kumekatazwa. Kwa kuwinda, kuchunga na kulinda shamba kumeruhusiwa, na wanazuoni wengi wameongeza kulinda nyumba.

Haya yote nilimpelekea babu, maana wezi walikwisha kuvunja duka letu mara mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hayo nayajua tangu hujazaliwa. Mimi niliwaona mbwa wa mwaka 1994."

Mwaka ule wa mauaji ya kimbari mbwa walikula maiti, na askari wa RPF wakawapiga risasi wengi sana. Sikuwa na jibu.

Baada ya miezi miwili babu mwenyewe alileta mbwa mdogo mweusi, akamfunga nyuma ya duka. Sahani yake ya bati haiingii jikoni. Babu hamgusi, ila kila jioni humwuliza mama kama amepewa maji.